Kiinitete cha Sita

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya utafiti wa mifugo, nilifukuzwa kabla ya saa tatu asubuhi. Sikufukuzwa kazi, nilifukuzwa chumbani. Nilikuwa nimeshuka kutoka Kangemi kwa miguu, nikavuka Waiyaki Way na kuingia upande wa Loresho nikiwa nimevaa gauni la kanisani, na mwili mzima nimejipaka mafuta ya kunukia ambayo dada yangu alikuwa ameyatunza tangu harusi yake. Nilitaka wajue kwamba wameajiri mtu. Mkuu wa Maabara, mama mfupi wa Kiambu asiyecheka ovyo, alinusa hewa mara moja tu.

"Wewe ndio Rasoa?"

"Ndio, madam."

"Umejipaka nini?"

Nikamtajia jina la mafuta kwa fahari.

"Toka. Enda kwa sinki uoshe mikono mpaka kwa kiwiko, na shingo, alafu ukae nje mpaka hiyo harufu iishe. Huko ndani kuna watoto wa ng'ombe wenye hawajafika hata saizi ya chembe ya chumvi. Hiyo perfume yako itawaua."

Nilidhani ananitania kwa kuwa mimi ni mgeni. Hakuwa akitania. Mvuke wa manukato huingia kwenye maji wanamolelewa viinitete, na kiinitete hakina pua ya kukunja wala mlango wa kufunga. Nilikaa nje kwenye benchi hadi saa sita, nikiona aibu, huku watunza bustani wakiniuliza kama nimekuja kuomba kazi. Mpaka leo, na nimestaafu, mume wangu akiniletea chupa ya manukato naifungua, nainusa, naifunga.

Vijana wanaokuja kuniuliza habari za kazi ile huanza kwa kuuliza kiinitete ni nini hasa. Yai la ng'ombe likishatungishwa hugawanyika: moja huwa mawili, mawili manne, manne manane, hadi siku ya sita hivi linakuwa kifundo cha seli zilizobanana kama tunda la forosadi. Kesho yake uwazi huanza kujitokeza katikati, kama andazi lililoumuka vizuri. Siku hiyo ya saba ndipo tulipovitoa. Daktari wa mifugo aliingiza mpira mwembamba katika mfuko wa uzazi wa ng'ombe aliyedungwa dawa ya kuzidisha mayai, akapitisha maji yenye joto la mwili, nayo maji yakarudi yakiwa yamebeba viinitete, vitano au kumi, na siku nyingine hakuna hata kimoja. Ng'ombe mwenyewe huyo alisimama akitafuna majani kana kwamba mambo hayamhusu.

Na kwa nini tuhangaike hivyo? Kwa sababu ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mbung'o akimuuma ng'ombe humwachia vimelea kwenye damu, damu ikapungua, mnyama akakonda hadi mbavu zikahesabika. Sasa kuna ng'ombe wa Waorma, wa kando ya Mto Tana, ambao wameishi na mbung'o vizazi na vizazi. Wengi wao huumwa, wakaambukizwa, na bado wakaenda malishoni. Ng'ombe wa ranchi wa aina ya Boran, wenye nundu ileile na rangi ileile, huanguka. Daktari Msimamizi wa mradi wetu alitaka kujua kama nguvu ile imo katika jeni, yaani katika urithi wa damu, au ni malezi tu. Akaamua kuchukua viinitete vya pande zote mbili, kuviweka katika matumbo ya ng'ombe wa aina moja hapa Nairobi kusiko na mbung'o, ili ndama wazaliwe boma moja, wanyonye maziwa ya namna moja, wale nyasi moja. Wakishakua, ndipo waumwe na mbung'o waliofugwa maabara. Tofauti yoyote ambayo ingeonekana hapo ingekuwa ya jeni.

Mwaka wa kwanza sikugusa kiinitete. Niliosha vyombo. Sabuni ikibaki kwenye kioo, hata kama huioni, huua, kwa hiyo kila chombo kilisuuzwa mara kumi, mara tatu za mwisho kwa maji yaliyochujwa. Mkuu wa Maabara alikuwa na desturi ya kuchukua chupa moja kutoka katika zangu na kuiinua dirishani. Ikiwa na doa, niliosha zote upya. Nilimchukia mama yule kwa moyo wangu wote, na leo ninamshukuru kwa moyo huohuo. Mwaka wa pili alinipeleka chumba cha hadubini, na hapo ndipo nilipokutana na Njoroge.

Njoroge alikuwa kijana wa Kabete aliyevuta pipeti kwa mkono. Alishika mrija wa kioo juu ya moto, kioo kikalainika, akakivuta kwa pumzi moja hadi kikawa chembamba kama uzi, akakikata. Kwa pipeti hiyo ndiyo tulihamisha kiinitete kutoka sahani hadi sahani, kisha kwenye mrija wa plastiki wa kugandishwa ndani ya nitrojeni, baridi inayoweza kuchuna ngozi ya kidole chako kabla hujasema "ai". Sheria zilikuwa mbili na zilibandikwa ukutani. Ya kwanza: kila ng'ombe na pipeti yake. Ya pili: kila sahani isomwe na watu wawili. Wa kwanza anahesabu, anaandika kwenye karatasi na kuigeuza. Wa pili anakaa kwenye kiti hichohicho, anahesabu kivyake. Ndipo wanalinganisha na kutia sahihi wote wawili katika daftari la viinitete. Tuliliita jambo hilo jicho la pili.

Nililiheshimu jicho la pili miaka mingi. Nililivunja siku moja.

Siku hiyo tulikuwa na ng'ombe wawili, wa kwanza wa Waorma, wa pili wa ranchi. Ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza sahani ya kwanza askari wa lango alipopiga simu kwamba mke wa Njoroge ameshikwa na uchungu wa mtoto wao wa kwanza, na majirani wamempeleka hospitali. Njoroge alisimama katikati ya chumba, glavu mkononi, asijue pa kuanzia.

"Enda," nikamwambia.

"Na jicho la pili?"

"Nitakuwekea sahihi. Enda bana, mtoto asizaliwe ukiwa hapa unahesabu za ng'ombe."

Akacheka, akaondoka mbio. Nikabaki peke yangu na hadubini, nikiwa na furaha ya mtu aliyemfanyia mwenzake wema. Nikahesabu sahani ya Waorma: sita, safi, siku saba kamili. Nikavivuta kimojakimoja na kuviweka katika mirija, kila kimoja na mrija wake. Nilipofika mwisho nilikuwa na mirija mitano. Nikarudi kwenye sahani, nikaitafuta mraba kwa mraba kama anayetafuta sindano kwenye mkeka. Hakuna. Nikajiambia nilihesabu vibaya.

Nikageukia sahani ya ranchi. Pipeti mpya zilikuwa kwenye kabati la joto la Njoroge, na ufunguo alikuwa ameondoka nao mfukoni. Nikaisuuza ile ya zamani kwa maji safi mara mbili, nikaona inatosha. Nikahesabu: vitano. Nilipomaliza kujaza nilikuwa na mirija sita. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikafikiri nimepata kimoja nilichokiruka. Katika daftari nikaandika vitano vya Waorma na sita vya ranchi, nikatia sahihi yangu, na kando yake nikaandika herufi za Njoroge kwa mkunjo wake hasa, maana nilizijua kama zangu.

Unaona kilichotokea. Kiinitete kina tabia ya kunata kwenye kioo. Wakati ule mimi sikuona, au niliona nikafumba macho. Njoroge alipata mtoto wa kike, tukanywa soda, mambo yakapita. Viinitete vikapandwa, ndama wakazaliwa, wakapewa namba za masikio, wakaachishwa, wakakua.

Zaidi ya miaka miwili baadaye ndipo ndama wale walipoletewa mbung'o. Mara mbili kwa wiki tulitoa damu kwenye sikio, tukaijaza katika mrija mwembamba na kuuzungusha kwenye mashine. Wekundu hukaa chini, maji juu, na urefu wa ule wekundu ndio unaokwambia mnyama amebakiwa na damu kiasi gani. Ndama wa ranchi walishuka wiki hadi wiki, ikabidi wapewe dawa mmoja baada ya mwingine. Wote isipokuwa mtamba mmoja mwekundu. Vimelea alikuwa navyo, tuliviona vikicheza chini ya hadubini, lakini damu yake ilishuka kidogo ikasimama pale. Wachungaji wa boma wakamwita Mkaidi.

Daktari Msimamizi, mwanamume mrefu aliyeishi Spring Valley na kuendesha gari la Pijo lililozeeka kuliko baadhi yetu, hakuwa mtu wa kelele. Lakini siku aliyolinganisha zile karatasi aliingia maabara bila kubisha.

"Mnaona hii? Hii ni ng'ombe ya ranchi. Pure. Na haianguki." Akaketi juu ya meza, jambo alilotukataza sisi. "Kama hiyo resistance imejificha ndani ya ng'ombe wa ranchi, tutawatafuta wengine kama yeye, tuwazalishe. Mkulima wa Kwale hatahitaji kununua dawa kila mwezi. Mnanielewa?"

Wote walielewa wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia. Sita, halafu tano. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikihesabu, sita, halafu tano, na mirija ikatoka mitano, halafu sita. Mkaidi hakuwa ng'ombe wa ranchi. Mkaidi alikuwa mtoto wa Waorma aliyepanda pipeti yangu na kushukia kwenye sahani ya jirani.

Daktari alikuwa na mkutano mkubwa mjini baada ya wiki sita, mbele ya wataalamu wa nchi nyingi, na aliamua kuwaeleza habari za Mkaidi. Jina lake lote, kazi yake ya miaka yote, angeisimamisha juu ya kosa langu. Nami nikisema, ningekuwa nimekiri kughushi sahihi katika daftari la utafiti, jambo ambalo watu walikuwa wamefutwa kwa ajili yake. Na singeanguka peke yangu. Ningemwangusha Njoroge, mwenye binti wa miaka mitatu, aliyekubali awekewe sahihi.

Wiki tatu sikusema. Chakula kilinishinda. Nilikwenda bomani kila asubuhi kumtazama Mkaidi, naye alinitazama akicheua, mnene, ngozi inang'aa, na nilitamani, kwa aibu naungama, augue hata kidogo tu. Mwisho nikamfuata Njoroge kwenye moto wake wa pipeti.

"Unakumbuka siku ile msichana wako alizaliwa?" Nikamweleza yote.

Alizima moto. "Rasoa, mbona unaniambia mimi?"

"Kwa sababu jina lako liko."

"Sasa si unyamaze tu. Nani atajua? Ng'ombe haiongei."

"Daktari ataenda kusimama huko mbele ya watu."

"Na mimi nitaenda kusimama wapi nikifutwa? Nina mtoto." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na nilimwelewa hata zaidi ya alivyodhani. Nikamwambia nitakwenda Jumanne asubuhi, na nitasema kwamba sahihi niliiandika mimi, kitu ambacho kilikuwa kweli.

Jumanne nilimkuta Njoroge amesimama nje ya mlango wa Daktari, amevaa tai. Sikuwahi kumwona na tai. "Usiniangalie hivyo," akasema. "Bisha mlango."

Niliongea mimi. Njoroge alisimama tu kando yangu na tai yake, na hilo lilinitosha. Nilieleza simu ya askari, ufunguo, sita na tano, nikamfungulia daftari. Daktari alivua miwani. Hakuuliza lolote juu yangu. Aliuliza kama fundi.

"Pipeti ulibadilisha?"

"Hapana, Daktari. Niliisuuza."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Na hii handwriting kwa daftari ni ya nani?"

"Ni yangu. Njoroge alikuwa hospitali."

"Nilijua ataweka," Njoroge akasema. Hayo tu ndiyo maneno aliyotoa mle ofisini.

Daktari alichukua karatasi ya Mkaidi mezani, akaikunja mara mbili. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana nilijua nimemnyang'anya kitu alichokitafuta tangu ujana. "Tokeni," akasema. "Rasoa, mtoe huyo mtamba damu leo. Na utoe damu ya hao mama wote wawili. Alafu urudi nyumbani."

Damu ilipelekwa kwa wenzetu waliokuwa wakisoma alama za urithi, yaani zile herufi za jeni ambazo mtoto huchukua nusu kwa mama na nusu kwa baba. Tulisubiri siku nane. Jibu lilikuja kwa karatasi moja: Mkaidi ni mtoto wa ng'ombe wa Waorma.

Mkuu wa Utumishi alitaka tufutwe siku hiyohiyo, na hakuwa amekosea. Daktari alizungumza naye mlango umefungwa. Tukapewa barua kali za onyo, mimi nikaondolewa kwenye hadubini kwa miezi sita na kurudishwa kuosha vyombo. Mkuu wa Maabara, akiwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, alikuja akachukua chupa yangu moja akaiinua dirishani. Akairudisha. "Umekuwa msafi kuliko ulivyokuwa," akasema, akaenda zake. Sijui watu huelewa nikisema nilikuwa na furaha miezi ile. Nilisuuza mara kumi, nikaenda nyumbani, nikalala.

Siku ya mkutano Daktari alitualika, mimi na Njoroge, tukakaa safu ya nyuma kabisa katika ukumbi wa mjini, tukiwa tumebana viatu vyetu chini ya kiti. Nilikuwa nimejiandaa kuona mtu aliyevunjika. Akaeleza jedwali lake, halafu akafika kwa Mkaidi. Alisema maabara yake ilikosea, kiinitete kimoja kiliingia kundi lisilo lake, na kwamba aliyekosea alisema mwenyewe kabla ya mtu kuuliza. Kisha akatabasamu, jambo ambalo sikulitarajia.

Akawaambia hivi: kwa zaidi ya miaka miwili kila mtu pale bomani aliamini mtamba yule ni wa ranchi. Mchungaji aliyemlisha aliamini hivyo. Aliyepima damu aliamini hivyo. Yeye mwenyewe aliamini. Hakuna aliyempendelea, hakuna aliyetarajia asimame, na alisimama. Mnyama mmoja si ushahidi wa kutosha, akasema, lakini kama mtu alikuwa akidhani tunaona ugumu wa kustahimili nagana kwa ng'ombe wa Waorma kwa sababu tunataka kuuona, basi huyu mmoja tulimtazama bila kutaka chochote. Mzee mmoja mbele akaanza kuandika. Njoroge alinikanyaga mguu. Nililia kwa namna ya kijinga, kwa kwikwi, na dada mmoja akanipa karatasi ya kujipangusa.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilihamishiwa ghala la mitungi ya nitrojeni, kisha kwenye mafunzo, nikawafundisha wasichana na wavulana wa vyuo kuhesabu na kugeuza karatasi. Siku hizi mashine inaweza kuchukua seli chache kutoka kwa kiinitete cha siku saba, ikakwambia kabla hujakipanda ni cha mama yupi na kimerithi jeni zipi za ugumu. Vijana huniuliza kama jicho la pili bado lina kazi. Nawaambia mashine itakwambia kiinitete ni cha nani. Haitakwambia ni nani aliyetia sahihi.

Siku ya kuniaga, kijana msimamizi wa sasa alisimama na keki mkononi akaniita mwanamke jasiri. Nikamkatiza palepale, maana sipendi kusingiziwa. Wakaniuliza, je, kama Daktari asingekuwa na mkutano, kama Mkaidi angebaki tu bomani akicheua, ningesema? Ningependa kuwajibu ndiyo. Sijui. Ninachojua ni kwamba wiki tatu nilikuwa nimechoka kuogopa, na woga unachosha kuliko kufua.

Jumanne ile, baada ya kutoka ofisini kwa Daktari na kutoa damu ya ng'ombe watatu, nilipanda kurudi Kangemi bila kujua kama kesho nina kazi. Nilifika nyumbani jua bado liko juu, nikasonga ugali, nikala sahani nzima, nikachota nyingine. Mume wangu, ambaye wiki tatu alikuwa ameniona nikisukuma chakula pembeni, alinitazama nikimega, akatabasamu, akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Nikamwambia nadhani nimefutwa, kisha nikamwomba aniongezee mboga.